Video ipo, mikono iko wapi?

Aprili 2010, wakunga, wauguzi na matabibu wa Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu, walikaa siku nzima wakifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo yalikuwa mazuri. Kulikuwa na picha kubwa za kufunua ukurasa mmoja mmoja, kulikuwa na mdoli anayejazwa maji ya uvuguvugu ili apate uzito wa mtoto mchanga, na kila mmoja alipata zamu ya kushika mfuko wa kupumulisha na barakoa yake ndogo. Miezi 7 baadaye wakapimwa tena mbele ya mdoli. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walikuwa asilimia 18. Safari hii walifika asilimia 74.

Habari ingeishia hapo ingekuwa taarifa ya kawaida ya kufunga semina: vyeti, picha ya pamoja, neno la mgeni rasmi, posho. Lakini Haydom walikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi hazina. Waangalizi waliofundishwa kazi hiyo walikaa chumba cha kujifungulia usiku na mchana, saa mkononi, wakiandika yanayofanyika kwa kila mtoto anayezaliwa: amelia au hajalia, amesuguliwa mgongo, amefyonzwa, amepumulishwa baada ya sekunde ngapi. Kumbukumbu za kabla na za baada ya mafunzo zilipowekwa pamoja, tofauti ya maana haikuonekana. Watu walewale waliofanya vizuri kwa mdoli, wodini waliendelea na mazoea yao ya zamani.

Utafiti huo, ulioongozwa na daktari Hege Ersdal kutoka Norway akishirikiana na watu wa Haydom, ulichapishwa 2013. Ningekuwa mkuu wa chuo cha uuguzi ningeubandika kwenye mlango wa ofisi yangu.

Nauleta mezani sasa kwa sababu vyuo vya uuguzi vimepata wimbo mmoja: mafunzo mseto. Mwanafunzi asome nadharia mtandaoni kwa wakati wake, atazame video ya kuweka kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoingizwa mshipani, au ya kusafisha kidonda, ajibu maswali kwenye simu, kisha aje chuoni na wodini kwa ajili ya vitendo. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, wakufunzi ambao hawakuwahi kurekodi hata sauti walijikuta wakirusha masomo kwenye makundi ya WhatsApp. Vyuo vya Tanzania vilifunguliwa Juni mosi mwaka huohuo, lakini video hazikuondoka. Sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni kwamba saa zile zilizookolewa darasani zimekwenda wapi.

Waliokwisha kuwa na mikono

Anayetetea mafunzo mseto katika ukanda huu hukimbilia mfano wa Kenya, na ana haki ya kukimbilia huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 22,000. Ndio waliokuwa wengi katika wodi na zahanati, na Ukimwi ulikuwa umewaletea wagonjwa ambao cheti chao cha zamani hakikuwaandaa kuwahudumia. Ilitakiwa wapande hadi stashahada. Tatizo likawa nafasi: vyuo vya kukaa bwenini vilichukua wachache mno kila mwaka, na kwa mwendo ule hesabu ilionyesha kazi ingechukua zaidi ya miaka 100. Wauguzi wale wangestaafu, na wajukuu zao pia wangestaafu, foleni ikiwa bado ipo.

Mwaka 2005 shirika la Amref, Baraza la Uuguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianzisha njia nyingine. Walianza na vyuo 4 na wanafunzi 145. Intaneti ya vijijini wakati ule ilikuwa ya kusikia kwa watu, basi masomo yakawekwa kwenye sidii. Muuguzi alimaliza zamu, akaingia chumba cha kompyuta cha hospitali iliyo jirani, akasoma somo lake, akajipima kwa maswali, akarudi nyumbani kupika. Vitendo alivifanya hospitalini chini ya mwelekezi, na mtihani wa mwisho ulikuwa uleule wa Baraza ambao wenzake wa bwenini waliufanya. Miaka michache baadaye vyumba vya kompyuta vilipita 100 nchi nzima, na maelfu ya wauguzi wakapanda ngazi bila milango ya zahanati zao kutiwa kufuli.

Hilo la kufuli si dogo. Zahanati ya mbali ina muuguzi mmoja, pengine wawili. Ukimwita mjini akasome, umeokoa taaluma yake na umewaacha wajawazito wa kata nzima bila mtu. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kufundisha wauguzi Afrika Mashariki mwaka 2001 kilipita njia ya jirani na hiyo: muuguzi aliyeko kazini anakuja darasani siku chache za juma, siku nyingine yuko wodini kwake.

Sasa tazama vizuri ni nani waliofaidika. Muuguzi aliyeketi mbele ya kompyuta ile mwaka 2005 alikuwa amezalisha, amechoma sindano zisizohesabika, ameosha maiti, amekaa na mama aliyefiwa. Kilichompungukia ni nadharia mpya na karatasi. Mikono alikuwa nayo tayari. Somo la kwenye skrini lilipomwambia kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua hupewa oksitosini na kusuguliwa tumbo ili mji wa mimba ukaze, kichwani mwake alimkumbuka mama fulani, wa usiku fulani. Maelezo yalipata pa kushika.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, mwenye alama nzuri za Baiolojia na Kemia, hana mama wa kumkumbuka. Kwake video ni picha ya mtu mwingine akifanya kazi. Ukichukua mafanikio ya muuguzi wa Kenya mwenye miaka 10 kazini ukayafanya hoja ya kumfundishia mtoto huyu nusu ya kozi kwenye simu, umebeba dawa ya mgonjwa mmoja ukampa mwingine.

Mshipa unakimbia

Chukua kazi moja tu, kuweka kanula. Kwenye video inachukua dakika tatu na inaonekana rahisi. Mwanafunzi anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa kwa ncha ya kidole, maana mshipa mzuri mara nyingi hauonekani kwa macho. Unabonyea na kurudi. Anasafisha kwa spiriti na kungoja ikauke, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Anavuta ngozi kwa kidole gumba. Anaingiza sindano kwa mwinamo wa nyuzi 15 hadi 30 hivi, na damu inatokea kwenye chemba ya nyuma.

Hapo ndipo wengi wa wanaoanza huharibu. Akiona damu anafurahi, anasukuma vyote kwa pamoja, sindano inatoboa ukuta wa pili wa mshipa, na mkono wa mgonjwa unaanza kuvimba mbele ya ndugu zake. Alitakiwa ailaze kanula kidogo, aisogeze milimita mbili tatu, kisha aizuie sindano isiende na kuiteleza plastiki peke yake ndani ya mshipa. Afungue mpira kwanza, abonyeze juu ya plastiki, ndipo atoe sindano. Ukimwuliza mwanafunzi kwa maandishi atakupa hatua zote kwa mpangilio. Mkono wake ndio haujui tofauti ya kusukuma na kuteleza, na hakuna skrini inayoweza kumwambia, kwa kuwa tofauti yenyewe iko kwenye ncha za vidole viwili.

Kisha kuna mambo ambayo hata mkono wa plastiki wa maabara hauna. Bibi wa miaka 70 ambaye mshipa wake unakimbia kila ukiukaribia. Mtoto aliyeharisha siku tatu, mishipa imezama. Mama yake amesimama pembeni anahesabu mara ulizomchoma. Muuguzi mzuri anaongea huku anafanya kazi, "pole mama, namchoma kidogo tu, mshikilie hapa", na sauti hiyo nayo ni ujuzi, ingawa sijaiona kwenye orodha ya alama ya chuo chochote.

Kumpumulisha mtoto mchanga ni vilevile. Kidole gumba na cha shahada vinakaa juu ya barakoa kwa umbo la herufi C, vidole vilivyobaki vinanyanyua taya. Ukikandamiza sana unaziba njia ya hewa. Ukilegeza, hewa inapitia pembeni na kifua hakinyanyuki. Pumzi zinatakiwa kama 40 kwa dakika, na kazi hiyo iwe imeanza kabla dakika ya kwanza ya maisha haijaisha, ile ambayo wakunga wameizoea kwa jina la dakika ya dhahabu. Watafiti wa Haydom walipochambua kumbukumbu za waangalizi wao walikuta kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupumulisha ziliongeza hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16. Mtu anayesimama kukumbuka video ilisemaje amekwisha kuzitumia.

Kazi ambayo simu inaiweza

Nisije nikaeleweka vibaya. Yapo mambo ambayo simu inayafundisha vizuri kuliko mkufunzi aliyechoka mbele ya wanafunzi 120. Hesabu ya dripu ni mojawapo. Mgonjwa apewe lita moja kwa saa 8, seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Darasani swali la namna hiyo hufanywa ubaoni mara mbili, wenye kasi wanajibu, wengine wananakili. Kwenye simu mwanafunzi anaweza kufanya maswali 50 kitandani, akakosea bila kuchekwa, mpaka hesabu ikae. Dozi za watoto kwa kilo, mpangilio wa hatua, majina ya vifaa, namna ya kusoma chati ya uchungu, vyote hivyo havihitaji mdoli wala wodi. Kuvifundisha ana kwa ana kwa saa mbili ni kuchoma muda wa mkufunzi ambao ungetumika maabara.

Video nayo ina sifa ambayo mkufunzi hana: inarudiwa. Mkufunzi akionyesha kuweka mpira wa mkojo mbele ya wanafunzi 40, wanaoona ni safu mbili za mbele. Waliobaki wanaona migongo. Ila video yenyewe iwe ya kwetu. Nyingi zinazozunguka kwenye simu za wanafunzi zimerekodiwa katika hospitali ambazo kitanda kinapanda kwa kitufe na kila kifaa kimefungwa kwenye pakiti yake. Mwanafunzi anatoka hapo anaingia wodi ambayo mtoto anafyonzwa kwa kile kifaa cha mpira kinachoitwa pengwini, kinachochemshwa na kurudiwa, na glavu zinahesabiwa. Mkunga mmoja mwenye simu ya kawaida, akirekodi kazi yake katika chumba chake cha kujifungulia kwa ridhaa ya mama, angewafaa zaidi.

Halafu kuna suala la bando, ambalo kwenye mikutano ya mafunzo mseto hutajwa mwishoni, watu wakiwa wameanza kukusanya mafaili. Mwanafunzi anayelipiwa ada kwa kuuza mahindi hapakui video nzito kila siku. Anangoja bando la usiku, au anapewa na mwenzake kwa kurushiana simu kwa simu. Chuo kinachoweka video kwenye kompyuta moja iliyo wazi maktaba, kila mwanafunzi aje anakili bure, kimefanya mseto wa kweli kuliko chenye tovuti ya kuvutia. Sidii za Kenya za 2005 zilikuwa na hekima hiyo.

Dakika tano kila wiki

Turudi Haydom, kwa sababu hawakuishia kwenye lile pigo. Wangeweza kusema wafanyakazi ni wagumu, au kuomba fedha za semina ndefu zaidi, ya siku tano badala ya moja. Hawakufanya hivyo. Walimweka mdoli karibu na chumba cha kujifungulia, wakachagua watu wa wodini hapohapo wa kuwasimamia wenzao, na wakaanza mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, ndani ya zamu, palepale ambapo kazi inafanyika. Hakuna ukumbi, hakuna posho ya safari. Mkunga anapita, anaitwa, anaambiwa mtoto huyu hapumui, fanya. Anafanya, wanaongea kidogo kuhusu alichofanya, anaendelea na kazi.

Mtafiti Estomih Mduma na wenzake walichapisha matokeo 2015. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 7.2. Safari hii tabia ya wodini nayo ilibadilika: watoto wengi zaidi walichangamshwa mapema na kusafishwa njia ya hewa, na waliofikia hatua ya kuhitaji mfuko wakapungua.

Mafunzo yalikuwa yaleyale, mdoli yuleyule, hospitali ileile. Kilichobadilika ni mahali na ratiba. Hapa ndipo ninapoona wengi wanaopanga mafunzo mseto wanateleza. Wanabishana kama nadharia iwe asilimia 40 mtandaoni au 60, kama watumie programu hii au ile, wakati swali lililoamua uhai wa watoto Haydom lilikuwa mara ngapi kwa mwezi mkono unashika barakoa, na hatua ngapi kutoka kitandani.

Mbegu ya Haydom imekua. Mradi wa Safer Births ulizaa mdoli anayeunganishwa na kompyuta kibao, ambaye mapafu yake yanaweza kuwa magumu au laini na mapigo yake ya moyo yanapanda au kushuka kulingana na unavyompumulisha. Ukimaliza anakuonyesha ulipokosea. Ukiniuliza mseto uliokomaa unafananaje, nitakuelekeza kwa mdoli huyo: skrini ipo, lakini inasubiri mkono ufanye kwanza ndipo iseme. Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango mpana zaidi katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliofuata akina mama na watoto karibu laki tatu. Msingi wake ulikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, wasimamizi wa palepale, na takwimu za kituo chenyewe kuamua wiki hii wafanyie mazoezi nini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40, na vya akina mama kwa takribani asilimia 75. Matokeo hayo yanatokana na wahudumu waliokwisha kuajiriwa. Wanafunzi wetu wa uuguzi, wanaopita katika wodi hizohizo wiki baada ya wiki, kwa kawaida hawamo hata kwenye ratiba ya mazoezi.

Mdoli kabatini

Kujifunzia kwa mdoli si jambo geni katika uuguzi. Mwaka 1911 hospitali ya Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani, ilipokea mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze kumgeuza na kumvalisha mgonjwa. Aliyemtengeneza, Martha Chase, alikuwa mtengenezaji wa wanasesere wa watoto. Hata Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, ambaye kampuni yake ndiyo iliyowatengeneza wadoli wa Haydom, alianzia kwenye biashara ya vitu vya kuchezea watoto kabla ya kumtoa Resusci Anne mwaka 1960, mdoli ambaye dunia nzima imejifunzia kupuliza hewa mdomoni.

Kilicho kipya ni ushahidi kuhusu kiasi. Mwaka 2014 Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vyuo 10 vya uuguzi: wanafunzi ambao nusu ya saa zao za wodini zilibadilishwa kuwa mazoezi ya kuigiza hali halisi walimaliza wakiwa sawa na wenzao wa wodini kwa ujuzi na kwa mtihani wa leseni. Uingereza, ambako mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa kufikisha saa 2,300 za vitendo, sasa inaruhusu hadi 600 kati yake ziwe za kuigiza. Takwimu hizi zinanukuliwa sana na wanaotaka kupunguza saa za wodi, na kila mara kipande kimoja kinaachwa nje: katika utafiti ule wa Marekani wakufunzi walifundishwa mahususi kuendesha mazoezi hayo, vifaa vilitosha, na kila zoezi lilifuatwa na mazungumzo ya kuchambua kilichotokea. Nusu ya saa za wodi ilibadilishwa kwa kitu ghali. Haikubadilishwa kwa video.

Kwetu, mdoli anaweza kuwepo na bado asifundishe mtu. Amenunuliwa kwa fedha za mradi, yuko kwenye orodha ya mali, anaogopewa kuharibika, kwa hiyo anakaa kwenye kabati na ufunguo uko kwa mtu mmoja anayeondoka saa tisa na nusu. Anatolewa wakija wakaguzi na wiki moja kabla ya oski, ule mtihani wa vitendo wa kuhama kituo hadi kituo ambao Ronald Harden aliubuni huko Dundee miaka ya 1970. Wanafunzi wanapanga foleni, kila mmoja anashika mara mbili au tatu, anafaulu. Ni Haydom ya 2010 imerudi kwa jina jingine: asilimia 74 kwa mdoli.

Na wodini anakotegemewa aende kukamilisha? Hospitali moja ya rufaa hupokea wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Kitanda kimoja, mgonjwa mmoja, wanafunzi wanane wenye sare za rangi tatu. Muuguzi wa zamu ana wagonjwa 30 na hajapewa nafuu yoyote kwa kufundisha. Hajapunguziwa kazi, hajaongezewa posho, pengine hata hajaambiwa wanafunzi hawa wanatakiwa kujua nini wiki hii. Anawatuma kuleta vipimo, kupima presha, kutandika vitanda. Mwisho wa juma wanamzunguka na madaftari yao. "Sista, naomba unisainie." Naye, mwenye huruma na haraka, anasaini: kuweka mpira wa mkojo, mara tano, kuzalisha, mara kumi. Nimeyasikia haya kwa wauguzi wa mikoa tofauti, na hawaoni kwamba wanasema siri.

Ndiyo maana nadhani pesa ya kwanza ya mafunzo mseto isiende kwenye programu wala kwenye kompyuta. Iende kwa muuguzi mwelekezi. Mpe orodha fupi ya ujuzi wa wiki, mpunguzie wagonjwa siku mbili, mlipe hata kiasi kidogo kwa kila mwanafunzi aliyemwona akifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na mpe haki ya kukataa kusaini. Sahihi ikiwa na thamani, mwanafunzi mwenyewe ataitafuta maabara jioni. Haihitaji teknolojia, na labda ndiyo sababu haipati wafadhili.

Kuna kishawishi kingine ambacho wamiliki wa vyuo hawakisemi hadharani lakini hesabu zao zinakisema. Ukihamishia nadharia mtandaoni, madarasa yanabaki wazi. Darasa lililo wazi linaweza kugeuzwa maabara ya pili, au linaweza kupokea wanafunzi 60 zaidi wanaolipa ada. Mabaraza ya uuguzi yakikagua idadi ya viti na kompyuta tu, chuo kitachagua la pili na kitapita kwenye ukaguzi bila shida. Ni afadhali mkaguzi aombe kitu kimoja: kumbukumbu za mwezi uliopita za nani aliingia maabara, saa ngapi, akafanya nini, nani alimwona.

Mzazi au mlezi anayemtafutia mtoto chuo msimu huu anaweza kuuliza mambo hayohayo bila kuwa mkaguzi. Wadoli wanaofanya kazi ni wangapi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni wangapi. Maabara inafunguliwa jioni na Jumamosi, na ufunguo anao nani. Wanafunzi wanapelekwa hospitali ipi, na vyuo vingine vingapi vinapeleka hukohuko. Mwelekezi wa wodini analipwa na nani. Kisha aombe kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili, si yule aliyechaguliwa kutembeza wageni, na amwulize mara ya mwisho aliweka kanula lini, kwa mgonjwa gani, na nani alikuwa amesimama pembeni yake.